Fahamu: Kwa nini siku sita za Marburg zinaihusu Mbulu?

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa watu tisa katika wilaya za Biharamulo na Muleba, Kagera, walishukiwa kuugua ugonjwa wa virusi vya Marburg, na wanane kati yao walikuwa wamefariki. Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Siku sita baada ya tangazo la WHO, Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha mgonjwa mmoja. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 walikuwa wamepoteza maisha.

Marburg huenezwaje?
Hutoka kwa popo wala matunda, kisha huambukizwa kwa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Hakuna chanjo wala dawa iliyoidhinishwa.

Ukimya wa serikali kuhusu ugonjwa una madhara gani?
Baada ya Aprili 29, 2020, Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona kwa zaidi ya mwaka mmoja. Uvumi ulijaza pengo.

Mbulu inahusikaje?
Mbulu iko mkoani Manyara, si Kagera, lakini wafanyabiashara na madereva husafiri kutoka mkoa hadi mkoa. Muuguzi wa Hospitali ya Haydom wilayani humo au wa zahanati ya kijijini humpokea mgonjwa wa homa kabla maabara haijatoa jibu. Asipopewa tahadhari mapema, humgusa bila kinga; mgonjwa akifa, ndugu nao huosha maiti.

Serikali iseme mapema hata inaposhuku tu. Kusubiri uhakika kamili hugharimu maisha ya watu.