Kampuni inaweza kutangaza faida huku ikila mtaji wa mwenye hisa

KAMPUNI inapotangaza kuwa faida yake imepanda kwa asilimia 25, wenye hisa hupiga makofi mkutanoni, gawio hupitishwa na bei ya hisa husogea juu. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingewafaa zaidi: faida hiyo imepatikana kwa kutumia mtaji kiasi gani?

Swali hilo limejaza vitabu vya fedha za kampuni kwa karibu miaka mia moja. Vingi vya vitabu hivyo viliandikwa Marekani, na mfanyabiashara anayejifunza mwenyewe huchukua kanuni zake kama zilivyo. Hapo ndipo penye tatizo. Kanuni nyingi ni sahihi, lakini namba zinazowekwa ndani yake zimetoka katika nchi ambayo riba ni ndogo na hisa hubadilisha mikono kila dakika.

Kipimo cha kwanza muuzaji wa jumla wa Kariakoo anakijua hata bila kusoma kitabu. Faida yake kwa kila mfuko wa sukari ni ndogo sana, lakini mzigo unaingia asubuhi na kutoka jioni. Mwenye mashine ya kuchapa, kwa upande wake, anatoza vizuri kwa kila kazi, lakini mashine ni ya mamilioni na siku nyingine imekaa kimya.

Katika miaka ya 1910, Donaldson Brown wa kampuni ya baruti ya Du Pont, Marekani, aliliweka jambo hilo katika hesabu moja fupi. Alichukua faida kwa kila shilingi ya mauzo (kwake dola, bila shaka), akaizidisha kwa idadi ya mara ambazo mali za kampuni zinazunguka katika mauzo kwa mwaka. Jibu ni pato la mtaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Brown alihamia General Motors na kipimo chake, na mpaka leo vitabu vinakiita kwa jina la Du Pont.

Tuchukue mfano. Muuzaji wa jumla ana mali za shilingi milioni 1,000. Anauza bidhaa za milioni 6,000 kwa mwaka na kubaki na asilimia 2, yaani milioni 120. Mwenye kiwanda cha uchapaji naye ana mali za milioni 1,000, lakini anauza milioni 600 tu na kubaki na asilimia 20. Hiyo nayo ni milioni 120. Wote wawili wanapata asilimia 12 ya mtaji, ingawa mmoja anaonekana maskini ukitazama faida ya kila bidhaa, na mwingine anaonekana mvivu ukitazama mauzo. Kwa urahisi, katika mfano huu kodi imeachwa kando.

Hivyo basi, anayelinganisha kampuni ya bia na benki, au ya saruji na ya sigara, kwa kutazama faida katika mauzo peke yake hajalinganisha kitu.

Mkopo unapogeuka

Asilimia 12 ni nyingi au ni kidogo? Kitabu hakiwezi kujibu, kwa kuwa jibu linatoka sokoni.

Wanafunzi wengi wa fedha duniani wamesomea kitabu cha Richard Brealey na Stewart Myers kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu anayevisoma vitabu vya namna hiyo haraka haraka hutoka na wazo kwamba mkopo huongeza pato la mwenye hisa. Vitabu vyenyewe vimeweka sharti: pato la mali lazima lizidi riba ya mkopo. Sharti hilo ndilo linalorukwa.

Turudi kwa kampuni yetu yenye mali za milioni 1,000 na faida ya milioni 120 kabla ya riba. Sema nusu ya mali hizo imenunuliwa kwa mkopo. Mahali ambapo benki inatoza asilimia 5, riba ni milioni 25. Zinabaki milioni 95 kwa wenye hisa waliotoa milioni 500, nayo ni asilimia 19. Mkopo umewapandisha kutoka asilimia 12.

Sasa benki itoze asilimia 16. Riba inakuwa milioni 80, zinabaki milioni 40, na mwenye hisa anapata asilimia 8. Wafanyakazi ni walewale, bidhaa ni zilezile na wateja hawajapungua. Kilichobadilika ni riba tu. Na faida kabla ya riba ikishuka kutoka milioni 120 hadi 80, mwenye hisa hapati hata senti. Mwekezaji mdogo anayesikia kuwa kampuni inakopa ili "kujipanua" afanye hesabu hiyo nyuma ya bahasha kabla ya kushangilia.

Kipo pia kipimo kinachokata gharama ya mtaji wote, hata ule usiolipiwa riba. Wazo lake ni la zamani. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alilieleza mwaka 1890: mwenye biashara hajapata faida ya kweli mpaka atoe riba ya mtaji wake mwenyewe. Kampuni ya ushauri ya Stern Stewart ya New York ililiuza wazo hilo upya kwa mashirika makubwa miaka ya 1980 na 1990, kwa jina la thamani ya kiuchumi iliyoongezwa.

Hapa Tanzania kipimio kipo wazi. Mwaka 2021 serikali ilipoanza kuuza hati fungani za miaka 25, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka huohuo hati za serikali ya Marekani za miaka 10 zilikuwa zikilipa chini ya asilimia 2. Kampuni yenye pato la asilimia 12 ingeonekana dhahabu kwa Mmarekani. Kwa mwenye hisa wa Dar es Salaam, mtaji wa milioni 1,000 ungemletea milioni 159.5 kutoka serikalini akiwa amelala. Kampuni inayompa milioni 120 imempunguzia milioni 39.5, na bado haijamlipa chochote kwa hatari aliyoibeba.

Riba za hati fungani hupanda na kushuka. Mwaka 2022 zilipunguzwa. Hivyo kipimio hiki hakishikwi mara moja kikaachwa. Anayepima kampuni achukue riba ya mnada wa karibuni, aongeze kidogo kwa ajili ya hatari, ndipo alinganishe.

Sasa ile habari ya faida kupanda kwa asilimia 25 inasomeka vingine. Kampuni ikitoka milioni 120 hadi milioni 150, imepanda kwa asilimia 25 kweli. Lakini kama mtaji umeongezwa kutoka milioni 1,000 hadi 1,400, zile milioni 400 mpya zimezaa milioni 30 tu, yaani asilimia 7.5. Mwenye hisa angerudishiwa fedha hizo angefanya vizuri zaidi.

Faida bila fedha

Kasoro nyingine haionekani katika hesabu yoyote kati ya hizo. Vitabu vya uhasibu hupenda kuitaja W. T. Grant, kampuni ya Marekani yenye maduka yaliyokaribia 1,200, iliyofilisika mwaka 1975. Miaka miwili tu kabla yake wanunuzi wa hisa walikuwa bado wanailipia bei ya juu, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikionyesha faida mwaka hadi mwaka. Largay na Stickney, wataalamu wa uhasibu, walichapisha uchunguzi wao mwaka 1980. Waligundua kuwa biashara yenyewe ilikuwa ikimeza fedha taslimu kwa sehemu kubwa ya miaka kumi kabla ya kuanguka. Maduka yaliongezwa, bidhaa zikarundikwa, wateja wakapewa kwa mkopo, na kila kilichouzwa kwa mkopo kikaandikwa kuwa faida kabla fedha haijaingia. Pengo lilizibwa na benki.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wana mfano wao. Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992 na ikawa kipenzi cha wawekezaji wadogo. Ilifungua matawi kwa kasi, madeni ya benki na ya wauzaji waliompelekea bidhaa yakazidi, na Juni 2006 milango ikafungwa, miezi michache baada ya wenye hisa kuombwa kununua hisa mpya. Maduka yalifunguliwa tena mwaka huohuo chini ya usimamizi maalumu, lakini hisa zilikaa nje ya soko hadi 2011. Mwaka 2015 kampuni ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Waliopeleka mchele na sabuni kwa mkopo wanajua zaidi kuliko wachambuzi maana ya kampuni yenye mauzo na isiyo na fedha.

Dalili huonekana mapema katika taarifa ya mtiririko wa fedha, ambayo kanuni za kimataifa za uhasibu zinaidai kutoka kwa kila kampuni iliyo sokoni. Mstari wa kutafuta ni fedha halisi kutokana na shughuli za biashara. Mwaka mmoja ukiwa chini ya faida si ajabu. Ukiwa chini miaka mitatu mfululizo, na deni la benki likikua, mwenye hisa ana haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza.

Beta ya soko lililolala

Vitabu vya kisasa vina pia kipimo cha hatari kiitwacho beta, kilichotokana na kazi ya William Sharpe ya mwaka 1964 iliyomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Beta hutazama hisa inavyotikisika soko zima linapotikisika. Isiyotikisika huhesabiwa kuwa salama.

Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kampuni nyingine hukaa siku kadhaa bila hisa hata moja kuuzwa. Bei haisogei kwa sababu hakuna aliyenunua. Kompyuta inaona utulivu, inatoa beta ndogo, na mchambuzi anaandika kuwa hisa hiyo haina hatari. Mwenye hisa anayetaka kuuza ili alipe ada ya shule ndiye anayeijua hatari yenyewe: hapati mnunuzi.

Kwa hiyo anayejifunza mwenyewe asianze na sura za beta. Aanze na kitabu chochote kizuri cha uhasibu, akae nacho mpaka mizania isimtishe. Kisha asome Benjamin Graham na David Dodd, walioandika mwaka 1934 baada ya anguko la soko la New York na ambao muda wote wanamfundisha msomaji kutiliana shaka na hesabu anazopewa. Kitabu cha Copeland, Koller na Murrin kuhusu kuthamini kampuni, cha mwaka 1990, kije baadaye, kwa sababu kinadai makadirio ya miaka mingi mbele, na makadirio hayo ni rahisi kuyapamba.

Pembeni awe na ripoti za miaka mitano za kampuni moja anayoijua, na asizipite kurasa za maelezo ya mizania. Humo ndimo inamoandikwa kama kiwanja na majengo yamethaminiwa upya au bado yako kwa bei ya miaka thelathini iliyopita. Kiwanda kikuukuu kilichokwisha kufutwa kwa uchakavu huonyesha pato la mtaji la asilimia 40 kirahisi, mpaka siku mashine mpya zinapohitajika na wenye hisa wanapoombwa kuzilipia.