Kolwezi: Kazi hainunuliwe, angalia nani atasaini mukataba

«Leta dola mia mbili, lundi unaanza kazi.» Vijana wengi wa Kolwezi wamekwisha kusikia maneno ya namna hii, mara nyingi kwa simu, kutoka kwa mutu anayejiita agenti wa kampuni. Familia inauza mbuzi ao inakopa. Lundi ikifika, simu ya agenti haiite tena.

Kwa nini mutego huu unashika watu? Watu wanatoka pande nyingi kutafuta kazi katika migodi ya shaba na kobalti ya Lualaba. Lakini nafasi nyingi haziko mukononi mwa kampuni kubwa yenyewe. Usafiri, ulinzi, chakula na ujenzi vinapewa kampuni za sutretansi, na sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inachunga soko hilo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Hizo ndizo zinaajiri. Kijana anayesimama kwenye mulango wa mugodi hajue ni nani anachukua watu, na mudanganyifu anapita hapo.

Kwa hiyo ulizo la kwanza si «kazi iko?», ni «ni kampuni gani itasaini mukataba, na ofisi yake iko wapi?» Ukipata jina, enda mwenyewe kwenye ofisi hiyo. Kujiandikisha kwa ONEM, ofisi ya Serikali ya kazi, ni vizuri pia, hata kama hakuleti kazi siku ileile.

Kisha, soma tangazo mupaka mwisho: tarehe ya kufunga, karatasi zinazoombwa. Dosie yenye kukosa karatasi moja inaweza kutupwa mbele ya kusomwa. Ukiwa musudeli, andika umesudeli nini na wapi. «Mufanyakazi hodari» haionyeshe kitu.

Wakikuchukua, angalia esai. Kanuni ya Kazi ya 2002 inaweka mupaka: mwezi 1 kwa manevri asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Na kama hakuna mukataba wa maandishi, sheria inahesabu kwanza kwamba kazi haina tarehe ya mwisho, mupaka ihakikishwe vingine. Basi chunga mesaji, bajeti ya kazi na karatasi za malipo.

Mutu akiomba feza mbele ya kazi, na hawezi kusema nani atasaini, ile feza ibakie nyumbani.