Mtoto Aliyeonekana Dirishani

Mwaka ni 1871, mahali ni Colorado, Marekani, na theluji imetanda kote. Mtoto aitwaye Charles anacheza peke yake nje ya nyumba ya wageni ya mama yake. Anafinyanga matonge ya theluji na kuyarusha, na picha yote ni yake. Kisha kamera inaanza kurudi kinyumenyume. Kumbe tulikuwa tukimtazama kupitia dirishani! Mama anatokea kando ya dirisha, anamwita mwanawe ajifunike vizuri, kisha anageuka. Kamera inazidi kurudi, inavuka chumba, inafika kwenye meza. Mama anaketi, na pembeni yake anaketi bwana wa benki, Thatcher, mwenye karatasi mbele yake. Baba amesimama upande wa kushoto, analalamika. Na Charles? Yuko kule kule mbali, ndani ya dirisha, mdogo kama kidole gumba.

Onyesho hili, wanangu, limo katika filamu ya Citizen Kane, iliyotoka mwaka 1941. Aliyeiongoza ni Orson Welles, kijana wa miaka 25 wakati wa kuipiga, na ni yeye pia aliyemwigiza Charles Kane, mtoto huyu, akiwa mtu mzima. Mpigapicha wake alikuwa Gregg Toland. Welles alimthamini sana, hata jina la Toland likawekwa pamoja na la kwake filamu inapokwisha, heshima ambayo wapigapicha wengi wa zama hizo hawakuipata.

Sasa sikilizeni kinachoamuliwa pale mezani. Kuna mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi, akamwachia mama hati ya mgodi ulioonekana hauna kitu. Kumbe mna dhahabu. Mama ametajirika ghafla, na ameamua kuikabidhi mali kwa benki na kumkabidhi mwanawe kwa Thatcher, aende akalelewe mbali. Baba hataki.

Waangalieni walivyopangwa. Mama na Thatcher wako mbele kabisa, wamekaa, na nyuso zao ni kubwa kuliko kitu chochote pichani. Karatasi ziko chini ya mikono yao. Baba amesimama, anaongea kuliko wote, lakini amewekwa nyuma yao, mbali na meza, na kalamu haimfikii. Mtoto yuko mbali zaidi, katikati yao, akipiga kelele za mchezo wake. Shauri zima ni lake, na yeye peke yake hajui kama lipo.

Kisha Thatcher anasoma kiasi ambacho benki itawalipa wazazi: dola 50,000 kila mwaka, maisha yao yote. Baba ananyamaza. Anatembea hadi dirishani na kulifunga. Sauti ya Charles inakatika. Hapo hakuna aliyetamka kwamba mtoto ameuzwa, lakini sisi tumeshaona mkono wa baba kwenye dirisha, na tumesikia kimya kilichofuata.

Mtazamaji mwenye haraka atasema baba alikuwa na huruma na mama ana moyo wa jiwe. Subirini kidogo. Mama anasaini, anainuka, anakwenda kwenye lile dirisha na kulifungua tena. Sasa kamera inahamia nje, na kwa mara ya kwanza tunauona uso wake kwa karibu kabisa, akitazama theluji na kumwita mwanawe. Baadaye atasema anataka Charles akalelewe mahali ambapo baba yake hatamfikia. Dirisha lilikuwa limekwisha kutudokeza. Mimi naliona hili kuwa onyesho bora kuliko yote katika filamu nzima, na kila nikilitazama ni yule mama anayenishika.

Mwongozaji mwingine angelikatakata vipande: uso wa mama, uso wa baba, mtoto nje, kalamu. Angetushika kidevu na kutugeuza huku na huku. Welles na Toland waliwaacha wote wanne katika picha moja ili jicho letu lichague lenyewe. Haikuwa kazi rahisi. Kwa kawaida kamera ikimwona vizuri aliye karibu, aliye mbali anakuwa ukungu. Toland alitumia lenzi pana, akaliminya tundu la lenzi liwe dogo, na kwa kuwa tundu dogo hupitisha mwanga kidogo, ikabidi seti imulikwe kwa taa kali mno. Hata meza ilibidi isukumwe mahali pake baada ya kamera kupita, kwa sababu kamera isingeweza kupenya katikati ya mbao.

Rukeni sasa hadi mwaka 1929. Charles Kane amekuwa tajiri mwenye magazeti, na uchumi umeanguka. Yuko ofisini na Thatcher, ambaye sasa ni mzee, na ni karatasi tena zinazotaka saini. Nyuma kabisa kuna madirisha yanayoonekana ya kawaida. Kane anaondoka mezani, anayaendea. Kadiri anavyotembea ndivyo anavyosinyaa, mpaka akifika chini yake tunashtuka: madirisha ni makubwa ajabu, na kizingiti chake cha chini kiko juu ya kichwa cha Kane! Bwana mkubwa amekuwa mtoto, mbele ya Thatcher yule yule. Kisha anageuka, anarudi mezani na kusaini, na umbo lake linamrudia.

Labda mmewahi kuambiwa kwamba kamera ikitazama kutoka chini, mtu anaonekana ana nguvu, na ikitazama kutoka juu, anaonekana mnyonge. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Usiku ambao Kane ameshindwa uchaguzi wa ugavana, ofisi imebaki tupu na makaratasi ya kampeni yametapakaa sakafuni. Anaingia rafiki yake wa tangu zamani, Leland, akiwa amelewa, na anamwambia mambo machungu: kwamba hajui kupenda watu ila kwa masharti yake mwenyewe. Ili kupiga onyesho hili, mafundi walichimba shimo kwenye sakafu ya studio na kamera ikawekwa usawa wa viatu. Kane anaonekana mkubwa kama jengo. Na ndiyo saa ambayo ameshindwa kabisa.

Kwa nini amekuzwa saa hiyo? Tazameni juu ya kichwa chake. Dari linaonekana, na limeshuka karibu kumgusa. Studio nyingi za wakati ule hazikujenga dari, kwa sababu taa na maikrofoni vilining'inizwa huko juu. Welles alitaka dari lionekane, basi likatengenezwa kwa kitambaa cha melimeli, na maikrofoni zikafichwa nyuma yake. Kwa hiyo Kane ni mkubwa, lakini ni mkubwa kupita chumba chake, na ukubwa huo huo ndio Leland anaoulalamikia. Pembe ya kamera haina maana moja ya kukariri. Inapata maana yake kutokana na aliyesimama pale, kilicho juu yake, na jambo lililomtokea dakika iliyopita.

Basi jaribuni wenyewe, simu inatosha. Watafuteni wenzenu watatu. Wawili wagombanie jambo, wa tatu awe ndiye anayegombaniwa. Wapigeni video mara ya kwanza huyo wa tatu akiwa mbele, amewapa mgongo wenzake. Kisha rudieni maneno yale yale, yeye akiwa mlangoni, nyuma kabisa, na simu mmeilaza karibu na sakafu. Zimeni sauti, mwonyesheni mtu ambaye hakuwapo, na mwulizeni ni nani mwenye shida hapo na ni nani mwenye amri. Akijibu tofauti kwa kila picha, mwulizeni ni kitu gani hasa kilichombadilisha mawazo: urefu wa kamera, au mahali yule wa tatu aliposimama.