Kufundisha Demokrasia kwa Kuanzia Nyumbani: Mbiru ya Upare na Chai ya Boston

Kila baada ya miaka 4, redio, magazeti na simu za mikononi hujaa habari za uchaguzi wa Marekani. Watoto wa shule za msingi husikia habari hizo kama wanavyosikia watu wazima, nao huja darasani na maswali: Rais wa huko huchaguliwaje? Bunge lao lina kazi gani? Demokrasia ni nini hasa? Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha hujikuta akijibu kwa kuandika ubaoni maana ya neno, kisha orodha ya vyeo, kisha darasa zima huimba maana hiyo kwa pamoja. Kipindi huisha, watoto wakiwa wamepata maneno bila ya kupata jambo lenyewe.

Makala haya yanakusudia kuonyesha njia nyingine. Sote tumefundishwa kanuni ya kwenda kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Twaifuata katika hesabu na katika sayansi; lakini tufikapo kwenye mambo ya serikali, mara nyingi twaisahau na kuanza na kilicho mbali. Twapendekeza kwamba mwalimu wa Same, wa Mwanga, au wa mahali popote karibu na Milima ya Upare, aanze na mgogoro wa kodi uliotokea papo hapo, ndipo aende Marekani, kisha awarudishe watoto katika mkutano wa kijiji chao. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Habari za Mbiru kwa Ufupi

Hatuna budi kwanza kuijua habari yenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1926, Waingereza walitawala sehemu kubwa ya Tanganyika kwa kuwatumia machifu. Katika Upare machifu waliketi katika baraza lao, nao waliwajibika kwa mkuu wa wilaya, Mwingereza, aliyekuwa na ofisi yake Same. Wananchi walilipa kodi ya kichwa, ambayo kiwango chake kilikuwa kimoja kwa wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakuu hao waliamua kuongeza kodi nyingine, ambayo kila mtu angekadiriwa kwa kadiri ya mali yake. Wakaiita mbiru, jina la ushuru wa jadi ambao Wapare waliutoa kwa watawala wao zamani. Jina lilikuwa la kale, bali jambo lilikuwa jipya. Wananchi wengi hawakuelewa wakadiriaji walitumia kipimo gani, na kwa nini huyu atozwe zaidi ya jirani yake aliye sawa naye.

Mwezi Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, mji ulio tambarare penye reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Walikusanyika kwenye makao ya wilaya, wakakaa huko, wakikataa kurudi makwao kabla ya kujibiwa. Hawakushika silaha. Wala hawakukataa kulipa kodi ya kawaida. Walichokataa ni mbiru. Wanawake nao, hasa wa Usangi, waliingia katika mgogoro huo kwa maandamano yao wenyewe. Mambo yalivutana kwa muda mrefu, na ilipofika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha kufutwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, aliandika habari za mgogoro huo katika kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 1971.

Mwalimu awape watoto nafasi ya kuipima miaka hiyo kwa hesabu. Kutoka 1945 hadi kuundwa kwa TANU mwaka 1954 ni miaka 9. Hadi Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 ni miaka 16. Hivyo watoto wataona kwamba wananchi wa kawaida walikuwa wamekwisha kuihoji serikali kwa umoja na kwa utaratibu kabla chama cha taifa zima hakijazaliwa.

Kiini cha Somo

Hapa pana jambo ambalo mwalimu asipoliangalia ataliharibu somo. Kodi inayopanda kwa kadiri ya mapato si kodi mbaya kwa asili yake. Wafanyakazi wa Tanzania hukatwa kodi ya mapato kwa njia hiyo hiyo: mwenye mshahara mkubwa hukatwa sehemu kubwa zaidi. Watu wengi huona kwamba hiyo ni haki kuliko kumtoza tajiri na maskini kiasi kimoja. Kwa nini basi Wapare waliikataa mbiru?

Jibu ndilo kiini cha elimu ya demokrasia. Kanuni yaweza kuwa nzuri, lakini kama watu hawakuulizwa, kama kipimo chake hakijulikani, na kama anayeonewa hana mahali pa kukata rufani, basi kanuni hiyo huwa dhuluma machoni pao. Kwa hiyo maswali ya somo ni manne: Nani aliamua? Nani aliulizwa? Kipimo kinajulikana kwa wote? Asiyeridhika aende wapi? Mtoto akiyashika maswali haya ameshika zaidi ya orodha ya vyeo ishirini.

Somo la Maharage

Twaeleza sasa namna ya kulitenda jambo hili darasani, katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Zana ni maharage au kokoto tu. Gawanya wanafunzi katika makundi ya watu 6. Wanne watakuwa kaya, na wawili watakuwa wakadiriaji. Kaya ya kwanza ipewe maharage 20, ya pili 10, ya tatu 5, na ya nne 5. Jumla ni 40. Waambie kwamba kijiji kinahitaji maharage 8 ili kujenga daraja.

Mzunguko wa kwanza: kila kaya itoe maharage 2. Jumla ni 8. Uliza kaya ya tatu na ya nne zimebaki na nini, na kaya ya kwanza imebaki na nini.

Mzunguko wa pili: rudisha maharage, kisha wakadiriaji watoke nje na karatasi uliyowaandikia kwa siri. Watakaporudi wataitangazia kaya ya kwanza itoe 2, ya pili 3, ya tatu 1, na ya nne 2. Jumla ni 8 tena. Wakadiriaji wasieleze sababu yoyote. Mwalimu anyamaze kidogo, asikilize. Manung'uniko yatakayotokea ndiyo somo. Kaya ya nne itauliza kwa nini imetozwa mara mbili ya kaya ya tatu, na hali zao ni sawa. Kaya ya pili itauliza kwa nini imetozwa kuliko tajiri.

Mzunguko wa tatu: makundi yajadili yenyewe na kutunga kanuni, kisha kila kanuni iandikwe ubaoni. Kundi moja laweza kusema kila kaya itoe harage 1 katika kila maharage 5. Hapo kaya zitatoa 4, 2, 1 na 1, na jumla itakuwa 8 kama kwanza.

Sasa uliza: Katika mizunguko yote mitatu daraja lilipata maharage 8. Tofauti ilikuwa nini? Usiharakishe kutoa jibu. Watoto watalifikia wenyewe, nao watalisema kwa lugha yao: kwamba mara ya pili walitozwa gizani, na mara ya tatu walitozwa kwa kanuni waliyoitunga. Baada ya hapo tu ndipo usimulie habari ya mbiru. Watoto watakuwa wanawasikiliza watu wa 1945 kama watu wanaowaelewa.

Kutoka Same kwenda Boston

Kipindi kinachofuata ndicho cha Marekani. Mwalimu achore ramani ya bahari ya Atlantiki, Uingereza upande mmoja na makoloni 13 upande wa pili. Mwaka 1765 Bunge la London liliwatoza watu wa makoloni hayo kodi ya stempu juu ya karatasi za mikataba, magazeti na nyinginezo. Watu hao hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Walipinga kwa nguvu, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1766. Lakini kodi nyingine zilikuja, na tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston waliingia katika meli bandarini na kumwaga shehena ya chai baharini. Tarehe 4 Julai 1776 makoloni yalitangaza uhuru wao. Mwaka 1787 wajumbe walikutana Philadelphia kuandika katiba, iliyogawa madaraka katika sehemu tatu: bunge la kutunga sheria, serikali ya kuzitekeleza, na mahakama ya kuamua mashauri.

Watoto wakiwa na maswali yao manne mkononi, watayauliza ya Boston kama walivyoyauliza ya Same. Waandike katika safu mbili yanayofanana na yasiyofanana. Yanayofanana ni kwamba pande zote mbili ziliona zimetozwa bila kuulizwa. Yasiyofanana ni mengi, na mwalimu asiyafiche. Watu wa Boston waliharibu mali. Watu wa Upare walikaa na kungoja jibu. Wamarekani walipigana vita na kupata dola yao. Wapare walifutiwa kodi, lakini utawala wa kikoloni uliendelea.

Tena ni lazima watoto wajue kwamba katiba ile ya 1787 haikuwahesabu watu wote. Utumwa uliendelea Marekani hadi mwaka 1865. Haki ya wanawake kupiga kura haikuingizwa katika katiba hadi mwaka 1920. Watu weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kupiga kura kwa hila na vitisho, hata ikatungwa sheria ya mwaka 1965 ya kuilinda haki yao. Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kwamba demokrasia ni kitu kilichokamilika mahali fulani, nasi tumekipokea kama mzigo uliofungwa. Ni kazi ambayo kila kizazi huiendeleza au huiacha ikaharibika.

Kurudi Kijijini

Somo lililoishia Philadelphia halijaisha. Mwalimu awarudishe watoto kwao. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kwamba kodi haiwezi kutozwa ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na halmashauri yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Wazazi wengi wa Upare wanakumbuka kodi ya maendeleo iliyotozwa kila mtu mzima, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Watoto waende kuuliza nyumbani: Mkutano wa kijiji hukutana lini? Mapato na matumizi husomwa? Mama huhudhuria? Aliwahi kusema neno?

Upare pia una mafunzo yake ya zamani. Mahali penye ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya kumwagilia, watu wana utaratibu wa zamu za maji, na wana msaragambo wa kulisafisha bwawa na mifereji. Nani hupanga zamu? Anayeiba maji hufanywaje? Mtoto anayeweza kueleza haya ana msingi wa kuelewa katiba ya nchi yoyote.

Tahadhari Tatu

Kwanza, katika darasa lako wanaweza kuwamo wajukuu wa machifu na wajukuu wa walioandamana. Usiwagawe watoto kwa dhambi au sifa za babu zao. Eleza kwamba chifu alikuwa kati ya watu wake na serikali iliyomweka, na uwaulize watoto wao wangefanya nini katika nafasi hiyo.

Pili, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945 alitimiza miaka 100 mwaka 2025. Walioyaona mambo haya wakiwa watu wazima karibu wote wamekwisha kutuaga. Utakayoyapata vijijini ni masimulizi ya watoto na wajukuu wao. Wafundishe wanafunzi kuandika nani alisimulia na alisikia kwa nani, na kulinganisha masimulizi mawili yanayopingana.

Tatu, swali lisilopendeza likiulizwa, usilizime. Mtoto akiuliza kwa nini michango ya shule haisomwi hadharani, hajakosa adabu; ameelewa somo. Mfundishe kuuliza kwa heshima na mahali panapofaa, lakini usimfundishe kunyamaza.

Mtaala wa mwaka 2023 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi. Ninyi mtakaolifundisha mna hiari ya kulifanya orodha ya tarehe, au mazoezi ya kuishi pamoja kwa haki. Mtoto aliyekariri maana ya demokrasia atapata alama zake katika mtihani. Mtoto aliyezoea kuuliza nani ameamua na nani ameulizwa ataketi siku moja katika mkutano wa kijiji, na hesabu zikisomwa harakaharaka, atainua mkono.