Bemba: toka uasi hadi Seneti, na swali la Mambasa

Jean-Pierre Bemba alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuanzisha kundi la waasi la MLC mwaka 1998. Alikuwa makamu wa raisi kuanzia 2003, kisha Januari 2007 akachaguliwa seneta.

Alikamatwa Ubelgiji mwaka 2008. Mahakama ya CPI kule La Haye ilimhukumu miaka 18 mwaka 2016, kisha ikamwachilia huru Juni 2018.

Na Mambasa je? Kesi ile ilihusu Afrika ya Kati peke yake. Operesheni ya mwisho wa 2002, «Effacer le tableau», ni kusema kufuta ubao, haikuwa ndani ya mashtaka. Kwa hiyo hukumu ile haikujibu wakaaji wa Mambasa.

Machi 2023 Bemba akawa waziri wa ulinzi, Ituri ikiwa chini ya utawala wa kijeshi.