Mgodi wa Kwale Umefungwa, Ardhi Imebaki: Rada ya Kikao cha Maoni

Wasee wa Msambweni, Ukunda na Lungalunga, hii ni yenu. Desemba 2024 Base Titanium walimaliza kuchimba. Walikuwa wameanza kutoa madini mwishoni mwa 2013, na meli ya kwanza ikabeba mzigo kutoka Likoni Februari 2014. Mchanga wenye mali umeisha, lakini ardhi haijaenda popote. Sasa swali ni hili: itafanywa nini, na nani ataamua?

Utasikia mengi. Kuna wanaotaka kilimo kikubwa, kuna wa sola, kuna wa utalii. Halafu kuna wazee wa Nguluku na Maumba ambao familia zao zilihamishwa kupisha mgodi, na wao wanauliza jambo moja tu: kuna kurudi ama hakuna? Mpango wowote utakaokuja hapo sheria inataka upitie kwa wananchi kwanza. Na hapo ndipo vijana tunalala.

Tuseme ukweli. Ukisikia baraza la maoni limeitwa, picha inayokujia ni hema, viti vya plastiki, mheshimiwa amechelewa saa tatu, soda, na karatasi inazungushwa kila mtu asaini. Unajiambia mabuda washapanga kila kitu huko ndani, hapa tumeitwa kupigwa picha. Sikulaumu. Lakini ujue ile karatasi haiendi kufungia mahamri. Inaenda kwenye faili, na kesho itaonyeshwa kama ushahidi kwamba wewe na mtaa wako mliulizwa.

Wengi huchukulia kikao hiki kama fadhila ya serikali. Si fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na mradi umewahi kuangushwa kwa sababu hiyo. Panda hadi Lamu uone. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. NEMA ikatoa leseni. Wenyeji, chini ya Save Lamu, wakaenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, ile korti ya kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Cheki sababu, kwa sababu ndiyo somo lenyewe. Mikutano ilikuwa imefanywa, hakuna anayebisha. Shida ni kwamba ilifanywa mapema, kabla utafiti wa madhara haujakamilika. Watu waliitwa wakaambiwa mradi unakuja, lakini ripoti ilipotoka na yale mazito yake yote, moshi, samaki, afya, hakuna aliyerudi kuwaeleza na kuwasikiliza inavyotakiwa. Jopo likasema hiyo haitoshi. Kwa hivyo ukiwa kikaoni, swali la kwanza si "mtatupa kazi ngapi?" Uliza ripoti iko wapi, na kama iko, imeandikwa kwa lugha gani. Nyanya yako anayeongea Kidigo akisomewa kurasa mia tatu za Kizungu, hajaulizwa chochote.

Kanuni za mazingira za 2003 nazo ziko wazi: kwa mradi mkubwa, mwenye mradi anatakiwa aitishe angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, abandike matangazo sehemu za watu, aweke gazetini na redioni. Kama kwenu tangazo lilibandikwa ofisini kwa chifu usiku na kikao kikafanywa kesho yake asubuhi, piga picha ya hilo tangazo, tarehe ionekane. Simu yako hiyo ya TikTok inaweza kufanya kazi ya maana kuliko wakili.

Na usitegemee mdomo peke yake. Maneno ya barazani yanaandikwa na karani, na karani ana haraka. Andika barua, hata ukurasa mmoja, ya kikundi chenu cha boda, cha mpira ama cha akina mama wa mwani. Semeni mnataka nini na kwa nini. Mnataka chuo cha ufundi pale? Andikeni. Mnataka sehemu irudi kwa familia zilizohamishwa? Andikeni. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na uirudishe nyumbani. Ukinyimwa ripoti, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba, na ofisi ya umma ina siku 21 kukujibu.

Kwa nini nawasumbua hivi? Sababu Kwale ishaona sinema hii. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988. Watu wakalima kwenye mashamba yale, wakajenga, wakazika wazee wao. Miaka ikapita, kampuni mpya, KISCOL, ikapewa ardhi kwa mkataba wa kukodi, na mvutano na wenyeji ukafika hadi mahakamani. Ni hapo hapo Msambweni, si mbali na mgodi. Kiwanda kikifa, ardhi yake haikai bila mwenyewe muda mrefu.

Jambo moja la mwisho ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Leseni ya mazingira ikishatolewa, una siku 60 za kuipinga pale kwa Jopo. Zinahesabiwa kuanzia leseni itoke, hazikungoji usikie habari kwa kinyozi. Kwa hivyo kila kijiji kiwe na mtu mmoja wa kuangalia matangazo ya NEMA na ya kaunti kila wiki. Mchagueni sasa hivi, na mchange bando yake.