Bunduki M16: risasi ilipobadilishwa, mtutu nao ulipaswa kubadilishwa

Katika miaka ya 1980, askari wa Marekani aliyebaki na bunduki ya zamani, M16A1, angeweza kupewa risasi mpya zilizoingia vizuri katika bunduki yake. Ziliingia, zililipuka, zilitoka. Lakini hazikufika pale alipolenga. Kitabu cha mafunzo cha jeshi kilionya kwamba risasi hizo zitumiwe katika M16A1 wakati wa dharura ya vita tu, tena kwa umbali usiopita metre 90.

M16A1 na ile iliyoifuata, M16A2, zote ni za milimetre 5,56. Tofauti iliyoleta shida iko ndani ya mtutu.

Mtutu unazungusha risasi

Ndani ya mtutu mna mifereji myembamba iliyojipinda. Risasi ikipita humo, inaanza kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaoifanya iende ncha mbele. Ni kama pia, kile kichezeo ambacho watoto wanazungusha chini: ikizunguka kwa nguvu inasimama, ikipungua mwendo inayumba na kuanguka. Risasi isiyozunguka vya kutosha nayo inayumba, inageuka ubavu, na kwenye karatasi ya shabaha inaacha tundu refu badala ya tundu la mviringo.

Mafundi wanapima mifereji hiyo kwa umbali ambao risasi inasafiri ili kumaliza mzunguko mmoja. Umbali ukiwa mfupi, risasi inazunguka haraka zaidi.

Uzito au urefu?

Watu wengi wanasema kwamba risasi nzito inaomba mzunguko wa haraka. Ni kweli, lakini sababu yenyewe ni urefu. Kwa kuwa upana wa mtutu haubadiliki, risasi ikiongezwa uzito inarefuka. Mwaka wa 1879, Alfred George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni inayoonyesha hivyo. Tena, chuma na shaba ni nyepesi kuliko risasi ya madini, yaani plumbu. Kwa hiyo kitu chenye uzito uleule kikitengenezwa kwa chuma kinakuwa kirefu zaidi.

Baridi, kisha Ubelgiji

M16 ya kwanza ilikuwa na mzunguko mmoja kwa karibu santimetre 36, kwa risasi ya grame 3,6. Mzunguko huo ulitosha kwa shida. Katika majaribio ya baridi kali, ambapo hewa inakuwa nzito, risasi zilianza kutawanyika. Mwaka wa 1963 Marekani ikafupisha kipimo hadi karibu santimetre 30.

Halafu mwaka wa 1980, muungano wa kijeshi wa NATO ulichagua risasi ya SS109 ya kiwanda FN cha Herstal, Ubelgiji. Ni kiwanda kilekile kilichotengeneza FAL, bunduki ambayo wazee wengi wa kwetu wanajua jina lake. SS109 ina uzito wa grame 4 na kipande cha chuma kwenye ncha, ili itoboe kofia ya askari kutoka mbali. Uzito uliongezeka kidogo tu, lakini urefu ulipanda kutoka karibu milimetre 19 hadi 23. Risasi ya kuwaka njiani iliyoambatana nayo ilikuwa ndefu zaidi tena.

Ni hiyo ya kuwaka iliyolazimisha M16A2 kupewa mzunguko mmoja kwa karibu santimetre 18. Humo risasi inazunguka zaidi ya mara 5 000 kwa sekunde moja.

Risasi nyepesi za zamani ziliendelea kufanya kazi katika mtutu mpya, zikipoteza usahihi kidogo tu. Lakini risasi ndefu katika mtutu wa zamani haikuweza kusimama sawa hewani. Na askari aliyeona risasi inaingia vizuri hakuwa na alama yoyote ya kumwonya, mpaka alipokosa shabaha.